Tunduma: Kijiji cha Mpakani na Stesheni Yake

Leo nazungumza na wewe uliyeko Muze, Mtowisa, Ilemba, Kaoze na vijiji vyote vya Bonde la Ziwa Rukwa, na wewe uliyeko huku juu Ufipa: Sumbawanga mjini, Laela, Matai, Namanyere. Nataka tuzungumze habari za stesheni ya treni. Najua wapo watakaoshangaa, maana mkoa wetu wa Rukwa hauna reli hata mita moja. Ndiyo hasa sababu ya kuyaleta mazungumzo haya.

Mtu wa Muze akitaka kupanda treni ana njia mbili. Ya kwanza ni kushika bonde kuelekea kaskazini, apite Kasansa na Kibaoni mpaka Mpanda. Ya pili ni kwenda kusini mpaka Tunduma. Kufika Tunduma anaweza kukwea ukingo wa Lyamba lya Mfipa, atokee Ntendo, aingie Sumbawanga, kisha ashike lami ya kilomita 224 inayopita Laela. Au abaki bondeni: Ilemba, Kilyamatundu, avuke daraja la Mto Momba aingie Kamsamba, na kutoka hapo apande milima kuitafuta barabara kuu ya Zambia. Ufipa nzima imelala katikati ya stesheni hizo mbili, na hakuna hata moja inayoigusa.

Ya Mpanda nitaisema kwa ufupi. Tawi lile la reli linachepuka Kaliua na kwenda kilomita 210, na lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, wananchi wakaikuta na kuitumia. Kuna jambo moja tu nataka ulishike. Upana wa reli ya Mpanda, kama ulivyo wa Reli ya Kati yote ya zamani, ni milimita 1,000. Upana wa reli inayopita Tunduma ni milimita 1,067. Tofauti haifiki sentimita saba, lakini behewa lililopakiwa Mpanda haliwezi kukanyaga reli ya Tunduma. Hata hizo stesheni mbili zinazotuzunguka hazisikilizani.

Sasa twende Tunduma.

Tazama kwanza mahali penyewe palivyo. Ule ni mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini hukusanywa na mito inayoteremka kwenye Mto Momba, na Momba huileta Ziwa Rukwa, ziwa hili hili ambamo watu wa Muze wanavua samaki. Inayonyesha upande wa kusini hutafuta Mto Chambeshi, na Chambeshi ndicho chanzo cha mbali kuliko vyote cha Mto Kongo. Watu wa mahali pale ni Wanyamwanga. Lugha yao na Kifipa ni ndugu wa karibu, na wanajamaa na Wawanda wa bondeni, wa Kamsamba na Kilyamatundu. Wamelima ulezi na kufuga ng'ombe kwenye mgongo ule tangu kabla ya mtu yeyote kuuchorea mstari.

Mstari ulikujaje? Ulikuja kwa sababu ya barabara. Mwaka 1881 mfanyabiashara wa Glasgow aitwaye James Stevenson alitoa fedha ili ifunguliwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, meli za wamisionari na za kampuni ya biashara ya Waskoti zipate kupokezana mizigo. Njia ile ikaitwa kwa jina lake, Barabara ya Stevenson. Haikukamilika kama alivyotaka, lakini kwenye karatasi za Ulaya ilikuwa barabara nzito. Wajerumani na Waingereza walipokaa kugawana Afrika Mashariki, na kutia saini tarehe 1 Julai 1890, sehemu ya mpaka kati ya maziwa hayo mawili ilichorwa ili barabara ile ibaki mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili walikuja kuutafuta mpaka ardhini na kuweka alama. Mashamba ya Wanyamwanga yakakatwa, makaburi yakabaki huku, wajukuu wakabaki kule.

Nalitaja hili taratibu kwa makusudi. Tukisema leo kwamba Tunduma ni mji wa mpakani, tunasema kana kwamba mpaka ulikuwapo, watu wakaufuata. Kweli ni kinyume chake. Watu walikuwapo, mpaka uliwafuata wao, ukapita katikati ya maisha yao. Mpaka ule hadi leo hauna mto wala korongo pale mjini. Ni alama za zege zilizosimama karibu na nyumba za watu, na mama anaweza kuvuka kwenda kununua chumvi.

Upande wa pili Waingereza wakajenga boma, wakaliita Fife, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa kwao aliyekuwa na cheo katika kampuni ya Cecil Rhodes, beberu wa Kiingereza. Jirani yake, katika miaka hiyo hiyo ya 1890, wamisionari wa Kiskoti wakafungua misheni ya Mwenzo. Jina hilo, Mwenzo, lishike pia. Mwaka 1912 mwalimu Donald Siwale na wenzake, akiwamo David Kaunda, walianzisha pale chama cha ustawi cha Waafrika, miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya namna hiyo katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliandika, walikutana, walidai Mwafrika asikilizwe juu ya kodi na kazi. David Kaunda ndiye baba yake Kenneth Kaunda.

Kabla ya reli, kilichofika kwanza kwenye mgongo ule ni waya. Rhodes alitaka simu ya maandishi kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Misri. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm wa Pili ili aruhusiwe kupitisha waya wake katika ardhi ya Wajerumani. Waya ukafika kusini mwa Ziwa Tanganyika, ukashika njia ya Kasanga, ukapanda kaskazini mpaka Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo ukakoma. Rhodes alitaka na reli pia, ipite mkondo huo huo, iwe uti wa mgongo wa himaya moja toka kusini hadi kaskazini. Alikufa mwaka 1902 bila kuiona. Ninaomba ulikumbuke shauri lake la reli tutakapofika mwaka 1973.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, mpaka ule uligeuka handaki. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka kusini kuingia koloni la Wajerumani. Miaka miwili baadaye kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akifukuzwa huku na huko, aligeuza njia akaingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na mwanzoni mwa Novemba 1918 alilishambulia boma la Fife. Alikuwa amekwisha kuiteka Kasama vita vilipositishwa huko Ulaya tarehe 11, na habari zilimkuta njiani siku mbili baadaye. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji ambao jirani zetu wa Kalambo wanaujua kwa jina la Mbala. Historia za vita vile zimejaa majina ya majenerali. Waliobeba baruti, unga na vitanda vya wagonjwa ni wapagazi, na sehemu kubwa yao walitoka vijiji kama vya kwetu. Walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na vifo vyao havikupewa jiwe. Baada ya hapo utawala wa Kiingereza ulijua vizuri kwamba nchi ya kusini magharibi haina usafiri. Mwaka 1929 mhandisi wa reli Clement Gillman alitoa ripoti ya upimaji wa awali wa njia ya kuifungua sehemu hii. Uchumi wa dunia ukaanguka mwaka ule ule, ripoti ikabaki kabatini, na watu wakaendelea kutembea kwa miguu.

Hivyo ndivyo Uhuru ulivyoikuta Tunduma: kijiji cha barabarani, forodha, maduka machache, baridi kali ya Juni na Julai, vumbi.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilijikuta shingo yake iko mkononi mwao. Shaba yake ilipita Rhodesia, mafuta yake yalipita Rhodesia, makaa ya mawe yalitoka Rhodesia. Msikilizaji mwenye umri atakumbuka malori yaliyobeba mapipa ya mafuta toka Dar es Salaam kwenda Zambia kwenye barabara ya udongo, yakizama matope masika na kupinduka kwenye makona kiangazi. Madereva walikuwa wakiifananisha njia ile na jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilipunguza taabu hiyo lilipoanza kazi mwaka 1968. Shaba lakini haipiti kwenye bomba.

Nyerere na Kaunda walikuwa wakitafuta wa kuwajengea reli. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba haitalipa. Nchi za Magharibi hazikutaka. China ikakubali, na makubaliano yakatiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Wakati ule China yenyewe ilikuwa nchi maskini ya wakulima, na hilo ndilo linalonigusa katika habari yote hii: maskini watatu walikaa mezani wakakubaliana kufanya jambo ambalo matajiri walisema haliwezekani. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Walikuja Wachina kwa makumi ya maelfu, wakafanya kazi pamoja na vijana wa Kitanzania na wa Kizambia walioandikishwa mikoa yote. Sehemu iliyowatesa kuliko zote ni ya kutoka Mlimba kupanda Makambako, penye mahandaki na madaraja yaliyofuatana. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika ujenzi ule, na makaburi yao yapo hadi leo Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia walikufa pia. Ningependa siku moja majina yao yote yasomwe redioni, moja baada ya jingine, hata kama yatachukua saa nzima.

Baada ya Makambako reli ilishika nyanda za juu. Kilele chake kipo Uyole, Mbeya, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo inapita Vwawa na kuelekea Tunduma. Mwezi wa Januari 1973 Smith alikuwa ameufunga mpaka wake na Zambia, na sasa kila siku ya kuchelewa ilikuwa na uchungu wake. Agosti 1973 reli ilifika mpakani na kuvuka kuingia Nakonde.

Sasa likumbuke lile shauri la Rhodes. Alitaka reli ije toka kusini kwa ajili ya himaya. Iliyofika mpakani ilitoka Dar es Salaam, ikaelekea kusini, na kazi yake ilikuwa kuiondoa nchi huru katika mikono ya dola iliyobeba jina la Rhodes. Na reli ile, ikishavuka mpaka, inapanda kufikia kilele chake cha upande wa Zambia, mita 1,660, mahali gani? Mwenzo. Pale pale ambapo baba yake Kaunda na wenzake walikaa mwaka 1912 kuandika madai yao kwa serikali ya kikoloni. Sijui kama wahandisi wa Kichina waliambiwa habari hiyo. Sisi tulipaswa kuijua tangu shule ya msingi.

Reli ilifika Kapiri Mposhi mwaka 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 14, 1976. Urefu wake wote ni kilomita 1,860, na kati ya hizo 975 ni za upande wa Tanzania. Mataruma yake ni ya zege, kazi ya kudumu. Watu wakaiita Reli ya Uhuru, na jina lilistahili, kwa maana majeshi ya Rhodesia yaliilenga: Oktoba 1979 yalilipua daraja la reli kwenye Mto Chambeshi.

Kwa Tunduma, stesheni ilikuwa mwanzo wa maisha mengine. Treni ya abiria iliposimama, kijiji kizima kilikuwa kama kimehamia pale: wauza viazi, wauza maziwa, wabadili fedha wenye shilingi mkono huu na kwacha mkono ule, maofisa uhamiaji wakipanda na kushuka mabehewani. Daraja la tatu lilijaa mpaka milangoni. Kutoka Ifakara na Mlimba ulikuja mchele na ndizi. Kutoka Zambia zilikuja bidhaa ambazo katika miaka ile ya uhaba huku kwetu zilikuwa adimu. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyetoa kitabu chake juu ya reli hii mwaka 2009, ameonyesha vizuri jinsi wachuuzi na wakulima wadogo walivyoifanya kuwa yao, reli ambayo ilijengwa kwa hesabu ya shaba. Alifanya utafiti wake zaidi kule Kilombero, lakini habari ni ile ile.

Na sisi wa Ufipa tulikuwapo. Hilo halijaandikwa vya kutosha. Kabla ya lami, mtu wa Sumbawanga aliyetaka kwenda Dar es Salaam alipanda lori au basi kwenye barabara ya udongo, akalala njiani mvua ikiwa kubwa, akaifikia treni Tunduma au Mbeya akiwa amechakaa. Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakisafiri na waranti ya serikali mkononi. Kwa kijana aliyezaliwa bondeni, aliyekwea Lyamba lya Mfipa kwa miguu na sanduku kichwani, stesheni ile ilikuwa mlango wa nchi. Wapo walimu, wauguzi, askari na wahandisi wa mkoa huu, sasa wazee wastaafu, waliopita mlango huo. Nawaomba wajukuu wawaulize habari zao mapema.

Lakini mzigo wetu haukupita. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyoitwa ghala la taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Tulilima kweli. Mahindi yalilundikana kwenye vituo vya kununulia, yakinyeshewa, kwa sababu malori ya kuyatoa hayakuwapo na barabara ya kuyafikisha relini ilikuwa ya kubahatisha. Reli yenye uwezo wa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka ilikuwa kilomita mia mbili na kidogo kutoka kwenye mahindi hayo. Huo ni umbali ambao taifa lililochimba mahandaki ya Mlimba lingeuweza.

Baadaye reli yenyewe ilianza kudhoofika. Zambia ilifungua tena njia ya kusini mwaka 1978, na baada ya Afrika Kusini kuwa huru mwaka 1994 bandari za kule zikawa hazina aibu tena. Vichwa vya treni viliharibika, vipuri vikakosekana, na kila uamuzi ukalazimika kusubiri serikali mbili. Wafanyakazi walifikia kukaa miezi bila mishahara. Mwaka wa fedha 2014/15 reli nzima haikubeba hata tani laki moja. Laki moja, kwa reli ya milioni mbili.

Tunduma lakini haikudhoofika. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposimulia habari za mji ule. Wanadhani mji na stesheni vilipanda na kushuka pamoja. Mji uligeuka, ukaipa stesheni mgongo na kuitazama barabara. Shaba na kobalti ya Katanga, huko Kongo, ilianza kupita kwa malori, na malori yakaleta foleni ya kilomita nyingi, na foleni ikaleta gesti, gereji, mama lishe, mawakala wa forodha, bajaji. Mwaka 2012 watu wa Tunduma walikuwa hawajafika laki moja. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wamezidi laki mbili. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulizaliwa, Tunduma ikiwa ndani yake. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani ili lori likaguliwe mara moja tu. Hayo ni mafanikio, na watu wa Tunduma wameyatolea jasho. Lakini uliza pia gharama: barabara kuu inayovunjika kila mwaka kwa uzito ambao ungepaswa kuwa relini, ajali za Mlima Nyoka na Kitonga, vijana wanaokufa usukani.

Sasa upepo unageuka tena. Septemba 2024, huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hii, TAZARA, mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi Jinping. Mwaka 2025 ukafuata mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa miaka 30, unaohusu uwekezaji wa dola bilioni 1.4 za Marekani. Upande mwingine wa bara, Marekani na Ulaya zinaisaidia njia ya Lobito inayotoa madini ya Kongo na Zambia kupitia Angola. Mashindano ni ya shaba. Ukisoma habari za mradi huu katika magazeti ya dunia utakuta shaba, kobalti, bandari, Washington na Beijing. Hutakuta ufuta. Hutakuta mpunga. Hutakuta Muze.

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, na nalisema kwa uzito wote nilio nao. Tusikubali kwa mara ya pili reli ipite jirani yetu ikiwa imehesabiwa kwa mzigo wa wengine peke yake. Mara ya kwanza tulikuwa na sababu: taifa lilikuwa vitani kwa ajili ya ukombozi wa jirani, na sisi Wafipa tuliufurahia ukombozi huo, hatukulalamika. Safari hii hakuna vita. Ni biashara, na mkataba wa biashara huandikwa na wanaokaa mezani.

Meza zipo. Tuna Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Tuna madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, wanaotoka kata za bondeni na kata za juu. Tuna wabunge. Waulizwe: ukarabati wa Tunduma unahusisha nini kwa mkulima? Stesheni ile itapewa reli ya pembeni na ghala la nafaka, au treni za makontena ya shaba zitapita moja kwa moja kwenda bandarini? Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una vihenge Sumbawanga. Mahindi yanayotoka kwenye vihenge hivyo kwenda mikoa yenye njaa yatapandishwa treni Tunduma, au yataendelea kupakiwa kwenye malori mpaka mwisho wa safari? Nauli ya mzigo mdogo, magunia kumi ya mama mmoja, itapangwa na nani?

Na kuna suala la bondeni, ambalo watu wa mjini hulisahau. Mchele wa Muze na Mtowisa, na ule wa Kamsamba, unauzwa sana Tunduma, na kutoka hapo unavuka mpaka. Daraja la Momba limekwisha kutuunganisha na Kamsamba. Kinachobaki ni barabara ya Ntendo, Muze hadi Kilyamatundu, na ile ya kupanda kutoka Kamsamba: zipitike Machi na Aprili kama zinavyopitika Agosti. Barabara hizo zikikamilika kwa lami, Muze itakuwa karibu na stesheni kuliko ilivyowahi kuwa tangu reli ijengwe, bila ya gari kulazimika kuupanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa na mzigo. Bila hizo, ghala la Tunduma litajengwa na litajazwa na mazao ya wengine.

Nitaongeza jambo la abiria, maana mipango mikubwa huwa inamkumbuka mwishoni. Ratiba ya treni ya abiria imekuwa ya kubahatisha kwa miaka. Mgonjwa anayekwenda Muhimbili, mwanafunzi anayekwenda chuo, hawezi kupanga safari juu ya bahati. Tukidai ratiba inayoaminika, mabasi ya Sumbawanga yatajipanga yenyewe kuifuata, maana wenye mabasi ni wafanyabiashara na wanajua kuhesabu abiria.

Wazee mliopanda treni ya Tunduma miaka ile, na ninyi mliofanya kazi ya ujenzi, au mliobeba waranti kwenda shule, au mliouza viazi kwenye dirisha la behewa: tuandikieni, au mpite hapa studio. Na wewe mkulima wa Muze mwenye mpunga ghalani msimu huu, mwambie diwani wako alipeleke swali la reli ya pembeni ya Tunduma kwenye kikao kijacho cha halmashauri, na akirudi, mwulize alijibiwa nini.